"Haijawahi kufunguliwa" sio sifa ya amplifaya ya vali

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na najua itakua ndefu kwahiyo kata unapotaka kukata ila ile sehemu ya kapasita (kile kifaa cha ndani kinachoshika umeme na kuuachia) niachie tafadhali. Wiki iliyopita kwenye matangazo yenu madogo madogo niliona mtu anauza amplifaya ya gitaa ya zamani, ile ndogo ya vali, kaandika "hali nzuri sana, haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, ukichomeka inawaka". Basi, kamaliza. Na mimi naamini kabisa kaandika kwa moyo mweupe, anajua anaisifia. Lakini nilivyosoma nilishika kichwa, maana hayo maneno ukiyasoma kwa jicho la mtu aliyewahi kuwa na hizo amp yanasema hivi: ndani kuna vitu vilivyokufa zamani, hakuna aliyeviangalia, na bado mtu anaendelea kuchomeka.

Yaani ni kama kumwuzia mtu gari la miaka 50 alafu unajisifu oili ni ile ile ya kiwandani.

Sijaandika hii kumsema yule bwana. Mimi mwenyewe nilinunua ya kwangu kwa maneno hayo hayo, "haijaguswa", na niliyapenda hayo maneno, nikaona nimeokota dhahabu.

Kwa wasiojua naongelea kitu gani, hizi ni amp za kabla transista, vile vifaa vidogo vilivyochukua kazi ya vali, hazijatawala. Transista yenyewe ilitoka maabara za Bell kule Marekani mwaka 1947 lakini ilichukua muda mrefu kuingia kwenye vifaa vya watu, kwahiyo miaka ya hamsini na sitini redio, televisheni, amplifaya, vyote vilikua vya vali, zile chupa za kioo zenye kautambi kekundu ndani. Redio zikahama, TV zikahama, wapiga gitaa wakakataa kuhama. Ukimwuliza mpiga gitaa kwanini atakwambia "sauti", atafumba macho, basi mazungumzo yameisha. Ila sababu ipo na sio uchawi: vali ikizidiwa haikati sauti ghafla kama kisu, inaanza kubana taratibu, inakwaruza kwa ustaarabu, na kadri unavyokandamiza nyuzi ndo inakwaruza zaidi, ukilegeza mkono inasafika. Unaipiga amp kama unavyolipiga gitaa.

Na hizi ndogo ndo zina raha yake. Mtengenezaji mmoja wa Marekani, jina lake Leo Fender, alianza kutengeneza ya kwake ya wanafunzi kule Fullerton, California, mwaka 1948 ikiitwa Champion 800, baadae jina likafupishwa likawa Champ, na ukoo huo ukaendelea kutoka mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ndani kuna vali tatu tu: 12AX7 moja ya mwanzo ambayo Ulaya wanaiita ECC83, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kunyoosha umeme. Spika ya inchi 8. Wati 5 hivi, sita ukiwa mkarimu. Watu wanacheka wati tano lakini sikio halihesabu kama mita, wati 5 ukilinganisha na wati 50 unasikia kama nusu ya sauti tu wala sio sehemu ya kumi, na uzuri wa wati 5 ni kwamba unaifikisha mahali inapoanza kukwaruza bila majirani kuhama. Mpiga gitaa maarufu Eric Clapton mwenyewe mwaka 1970 kule Miami aliingia studio na Champ, sio na lile rundo la maspika la jukwaani.

Sasa ya kwangu. Aliyeniuzia aliniambia ni ya miaka ya sitini. Boksi jeusi la ngozi bandia, uso wa rangi ya fedha, nobu tatu za volyumu, trebo na besi, mkanda wa kubebea umepasuka kidogo upande mmoja, basi mi nikayeyuka. Nikaileta nyumbani nikaigeuza nyuma nikamulika tochi. Hizi amp zinajisemea zenyewe umri ukijua pa kuangalia. Pembeni ya transfoma kuna namba zimegongwa, tarakimu tatu za kwanza ndo kiwanda, 606 ni Schumacher, zinazofuata ni mwaka na wiki. Yangu ilisomeka 606-3-28, yaani wiki ya 28 ya mwaka unaoishia na tatu, na kwa kuwa uso wa fedha ulianza 1968 hapo hakuna mwaka mwingine zaidi ya 1973. Spika nayo ina namba yake, 137 ambayo ni CTS, na yenyewe ikasema 1973 wiki ya 25. Kwahiyo amp haiwezi kuwa imezaliwa kabla ya Julai 1973, na "miaka ya sitini" ikaishia hapo. Sikukasirika, mwenyewe alikua hajui. Na kwa upande mwingine nilifurahi, maana spika na transfoma kutofautiana wiki tatu tu maana yake zilitoka pamoja kiwandani, hakuna aliyebadilisha, na hivyo viwili ndo roho ya amp. Hapo ndo neno "haijaguswa" lina maana kweli. Kwenye vitu vingine sasa, ngoja.

Nikawasha. Ilikua imetengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa 120, kwahiyo niliipitisha kwenye transfoma ya kushusha, na hili naliweka hapa kabisa maana ukiichomeka hiyo moja kwa moja kwenye umeme wa 220 au 240 hutapata muda wa kusikia gitaa, fyuzi ikiwa nzima itakuokoa, ikiwa sio nzima ni moshi. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Basi nikawasha, taa nyekundu ikawaka, nikasubiri nusu dakika vali zipate moto, na ikaanza kuvuma mmmmmmm hata gitaa sijachomeka, hata volyumu iko sifuri. Nikachomeka gitaa. Sauti ilitoka, tena tamu tu, ila chini yake kuna ule mvumo haukuondoka, na nikawa najiambia ndo uzamani wenyewe huo, ndo utamu wa kale. Nikapiga kama dakika kumi hivi. Alafu nikahisi harufu. Sio ya kuungua, ni harufu ya vumbi lililopashwa moto pamoja na kitu kingine kama nta. Nikachungulia kwa nyuma.

Vali ya nguvu, ile 6V6, lile bati la ndani la rangi ya majivu lilikua na doa jekundu upande mmoja. Doa ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Naomba hapa watu waelewe tofauti: kautambi ka ndani kuwaka rangi ya chungwa ni kawaida, ndo kazi yake. Kioo kuwa na mng'ao wa bluu kama ukungu hivi karibu na ukuta wa chupa nayo mara nyingi haina shida, watu wengi wanaogopa hiyo bluu bure. Ila lile bati kubwa la kijivu likiwa jekundu hapo zima, zima saa hiyo hiyo, usimalizie hata wimbo. Nilizima.

Nikampigia mzee mmoja fundi wa redio, mstaafu, ambaye aliwahi kunifundisha kulehemu nikiwa mdogo. Nikamwelezea. Akaniuliza swali moja tu, "fyuzi umeiangalia?" Nikamwambia mzee, inawaka, fyuzi itakua na shida gani. Akasema, "Mwanangu, toa fyuzi uiangalie."

Nikaifungua ile kofia ya fyuzi. Ndani kulikua na fyuzi iliyoungua siku nyingi, imefungwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, imezungushiwa vizuri kabisa kama zawadi. Yaani amp iliyouzwa kwangu kwa jina la haijaguswa ilikua imeguswa na mtu mmoja aliyekua na haraka na sigara. Tena sio hiyo tu, plagi yake ilitakiwa kuwa na pini tatu, ile ya tatu ya athi, inayopeleka ardhini umeme ukivuja, ilikua imekatwa kwa koleo ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Sasa piga picha, fyuzi ya karatasi, athi hakuna, na nyuzi za gitaa kwa kupitia waya zimeungana moja kwa moja na bati la chasisi, na mikono yangu miwili iko kwenye nyuzi. Nilipiga dakika kumi najishangilia mwenyewe!

Mzee akaja siku iliyofuata na mita yake na penseli. Kitu cha kwanza alichofanya hakuchomeka popote, alitoa chasisi kwenye boksi akatafuta lile kopo la alumini la kapasita. Kwenye hizi Champ kapasita za kuchuja umeme zimewekwa pamoja ndani ya kopo moja, ukiangalia miguu yake chini kuna kifuniko cha mpira mgumu. Yangu ule mpira ulikua umevimba, na pembeni ya mguu mmoja kuna kitu kimetoka kikakauka kama chumvi. Akanionyesha kwa ncha ya penseli wala hakugusa. Kapasita za namna hii ndani yake kuna karatasi iliyoloweshwa dawa, na ile dawa inakauka. Kufanya kazi isifanye kazi inakauka, ikae stoo ndo mbaya zaidi, miaka 15 mpaka 20 ndo umri wa kuanza kuishuku. Yangu ilikua na zaidi ya hapo mara mbili. Ndo ule mvumo, umeme haujachujwa unapita mpaka kwenye spika. Na hata mvumo wenyewe unasema unatoka wapi: umeme ulionyooshwa vibaya unavuma mara mbili ya mzunguko wa umeme wa ukutani, wa mizunguko 50 unavuma 100, wa 60 unavuma 120, ule mvumo wenye makali kidogo. Ukisikia ule wa chini kabisa, mzito, wa 50 au 60, hapo tafuta kwingine, labda waya za utambi wa vali au athi. Mzee anasikiliza tu anajua, mi ilinichukua muda.

Nilinyoosha mkono nishike lile kopo nione limevimba kiasi gani akanipiga kibao cha mkono. Kweli, sio mfano. Ndani ya hizo amp ndogo zinazoonekana kama midoli kuna umeme wa moja kwa moja (DC) zaidi ya voliti 300, na kapasita inaweza kuushikilia baada ya kuzima na hata baada ya kuchomoa plagi. Akapima kwanza kwa mita, akaumwaga taratibu kwa rezista, kile kifaa cha kubana umeme, iliyofungwa kwenye waya wenye kibanio, akapima tena. Na akiwa anapima kitu chenye umeme mkono wake wa kushoto unakua mfukoni muda wote, nilidhani ni mapozi ya uzee kumbe ni ili umeme usipate njia ya kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kupitia kifuani. Kama hujui unafanya nini usifungue, mpe fundi, nasema hivyo nikijua kuna vijana watafungua tu.

Alafu tukarudi kwenye lile doa jekundu. Hapa ndo nilijifunza kitu ambacho tangazo la "ukichomeka inawaka" haliwezi kukwambia. Kati ya vali ya mwanzo na vali ya nguvu kuna kapasita ndogo, kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Ni kama mlinzi wa getini. Ikizeeka inaanza kuruhusu kidogo kidogo. Mzee akapima mguu wa tano wa soketi ya 6V6, ile gridi inayopokea sauti, mahali ambapo panatakiwa kuwa karibu na sifuri, akapata voliti 6. Akasema inaweza kuwa vali yenyewe mbovu au kapasita, tutajua. Akatoa vali, akawasha haraka haraka maana vali ikiwa nje umeme mwingine wote unapanda juu, akapima tena pale pale, voliti 5 na kitu. Vali haipo na umeme upo, kwahiyo anayevujisha ni kapasita. Kesi imeisha. Nilitaka kupiga makofi.

Kwa wanaopenda hesabu, chini ya ile vali kuna rezista ya omu 470, ukipima voliti zilizo juu yake ukagawa kwa 470 unapata vali inakunywa kiasi gani. Siku ile tulipata voliti 31, gawa, inakuja kama miliampia 66. Zidisha na voliti karibu 290 zilizokua kwenye bati unapata wati 19. Ile 6V6GT ya kawaida kiwandani waliiandikia mwisho wati 12, zilizokuja baadae za 6V6GTA 14. Kwahiyo ilikua inachemka, haikua inaimba. Tulipobadilisha ile kapasita, kitu kidogo kama punje, zikashuka mpaka voliti 20, yaani miliampia 42 na ushee, wati 13 hivi. Bado iko juu kidogo ya kitabu cha zamani ila Champ ndo zilivyo zote, zinaendesha vali yake moto tangu kuzaliwa, na vali mpya zinazotengenezwa sasa zinavumilia.

Vitu vingine tulivyokuta nataja haraka. Rezista moja ya omu laki moja ilikua imepanda mpaka laki na thelathini na nane, hiyo ndo ilikua inatoa mlio wa kuchatachata kama kuni mbichi zinaungua, ikabadilishwa. Nobu ya volyumu ilikua inakwaruza ukizungusha, dawa ya kusafisha na kuzungusha mara ishirini ikapona. Vali ya mwanzo tuliigonga kwa ile penseli ikalia ting ndani ya spika, maana yake ndani kuna kitu kimelegea, inafaa kwa kengele haifai kwa gitaa. Soketi zilikua zimelegea tukazibana. Pini ya athi tukaweka waya mpya na plagi mpya nzima, fyuzi mpya ya kipimo kilichoandikwa pale pale nyuma. Na ile karatasi ya sigara nimeiweka kwenye droo.

Hilo la plagi kwa amp za zamani zaidi ya yangu ni kubwa zaidi. Nyingi za Marekani zilizotoka kabla ya mwishoni mwa miaka ya sitini zilikuja na waya wa pini mbili tangu kiwandani, na ndani kulikua na kapasita inayounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chasisi ili kupunguza kelele. Mafundi wanaiita kapasita ya kifo na hawatanii. Siku ikipiga shoti chasisi nzima inakua na umeme, nyuzi zinakua na umeme, na mwimbaji akisogeza mdomo kwenye maiki yenye athi yake safi anakamilisha njia. Sasa mwenye amp ya aina hiyo akikwambia kwa fahari "waya ni ule ule wa mwaka 1958", mpe hongera alafu mwambie atoe.

Na ndo hapa ugomvi wangu ulipo mhariri, sio na tangazo moja. Kuna tabia ya watu wanaokusanya hivi vitu kuogopa kubadilisha chochote kwa kuwa thamani itashuka. Nimeshaambiwa na mtu mmoja kwamba nimeiharibu amp yangu kwa kutoa kapasita za 1973. Nikamwuliza, wewe gari lako la zamani lina matairi ya mwaka gani? Akabadilisha mada. Kwangu mimi uhalisi uko kwenye transfoma, spika, boksi, chasisi, ile saketi iachwe ilivyochorwa. Kapasita za kuchuja umeme, vali, fyuzi, waya wa ukutani, hivyo ni vitu vya kuisha, walioitengeneza walijua vitaisha, ndo maana vali imewekwa kwenye soketi uichomoe kwa mkono. Amp iliyofunguliwa na fundi mzuri, vya zamani vikawekwa kwenye mfuko pembeni, vipya vikaandikwa, mimi nitaichukua kabla ya ile iliyolala stoo miaka arobaini ikiwa bikira. Wapo watakaonipinga, waandike, ukurasa ni wa wote.

Kwahiyo ombi langu kwenu. Mtu akileta tangazo la amp ya vali msimkatalie, ila mwulizeni maswali mawili matatu muweke majibu kwenye tangazo badala ya "hali nzuri" ambayo haina maana yoyote. Kapasita za umeme zilibadilishwa lini, au hazijawahi. Plagi ina pini ngapi. Ni ya voliti ngapi. Transfoma na spika ni zake, na namba zake zinasomekaje. Ikiwashwa bila kuchomeka gitaa inavuma au imetulia. Na picha moja ya ndani kama ipo, hata ya simu, maana kwenye picha ya ndani kapasita iliyovimba inaonekana na mtu asiye fundi, lakini kwenye picha ya mbele kila amp ni mrembo.

Wanunuzi na nyie, ukienda kuiona usikubali kuwashiwa kabla haujaangalia nyuma. Angalia spika imechomekwa, maana amp ya vali ikiwashwa bila spika ukapiga gitaa unaweza kuua transfoma ya kutoa sauti, na hiyo ndo kitu ghali na kigumu kupata kuliko vyote mle ndani. Toa fyuzi uione kwa macho, mimi sasa natoa fyuzi hata kwenye vitu ambavyo sinunui. Angalia juu ya vioo vya vali, lile doa la kama kioo cha kujitazamia linatakiwa kuwa la fedha au jeusi jeusi, likiwa jeupe kama maziwa hewa imeingia na vali imekufa. Na kama imekaa miaka bila kuwashwa, mafundi wana kifaa cha kujitengenezea, balbu ya kawaida ya utambi, wati 40 au 60, imefungwa kwenye njia ya umeme kabla ya amp. Ukiwasha, balbu ikiwaka kidogo ikafifia basi sio mbaya, ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo kuna shoti ndani na hiyo balbu ndo imekula umeme ambao ungekula transfoma yako. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, iwe ile ya zamani ya utambi.

Yangu sasa hivi iko mezani pembeni ninapoandika. Nikiiwasha haina mvumo wa kushtua, kuna kaupepo tu kadogo, volyumu ikifika sita hivi inaanza kuchanua, ikifika tisa inalia kama inataka kukimbia na spika yake ya 1973 inatikisa vinyago vya kwenye rafu. Karatasi niliyobandika ndani ya boksi ina tarehe, kitu kilichobadilishwa na voliti tulizopima siku ile, kwa mwandiko wa mzee maana wangu hausomeki.

Na yule bwana wa tangazo, kwa kuwa nyie mna namba yake na mimi sina, naomba leo leo mmpigie mumwambie asiwe anaiwasha kila mnunuzi anapokuja kuiona. Atoe plagi, asubiri, alafu afungue ile kofia ya fyuzi aangalie kuna nini.

Wenu,
Msomaji mwenye Champ